Mama Majibu

Lifti ya jengo lile refu iligoma saa ambayo watu wanarudi kazini kutoka kula, yaani saa mbaya kuliko zote. Ukumbi wa chini ukafurika. Walikuwepo makarani, mawakili, wapeleka vifurushi, na mama mmoja mwenye bandeji gotini aliyekuwa anakwenda kwa daktari wa mifupa huko ghorofa ya tisa, naye anaapa mbele za watu kwamba ngazi hapandi, labda wambebe. Katikati ya msongamano huo alisimama fundi mapazia, mwanamke mwenye gauni la samawati na tepu ya kupimia shingoni, amekumbatia jora la kitambaa kizito mpaka mikono imekufa ganzi.

Mara sauti ikatoka shimoni, kule chini ya milango ya lifti iliyofunguliwa nusu.

"Jamani, vumilieni kidogo! Huyu mzee nimeshampa dawa, sasa hivi anaamka!"

Watu wakacheka kwa shingo upande. Fundi mapazia hakucheka. Moyo ulimlipuka paa. Sauti ile aliijua, nene, ya uchangamfu, yenye mwangwi wa kama mtu anayesemea ndani ya pipa. Kila asubuhi ilikuwa ikimsabahi kwenye simu yake: "Wazazi wenzangu, mmeamkaje?" Kabla hajajizuia, mdomo ukamponyoka.

"Baba Kiatu Kimoja!"

Ukumbi mzima ukageuka. Kule shimoni nyundo ikanyamaza. Kikachomoza kichwa chenye doa la grisi kwenye paji la uso.

"Nani kanitaja jina la ndani?"

"Mimi."

"Wewe nani? Maana jina hilo wanalijua wazazi wa darasa la pili tu, na hao nilidhani hawanifuati mpaka kazini."

"Mama Majibu," akasema, masikio yakimwaka moto kwa haya.

Fundi lifti akapanda juu, akajifuta mikono kwenye ovaroli, akaiona bado michafu, akatoa kiwiko wasalimiane hivyo. "Mama Majibu mwenyewe! Mimi nilikuwa nakuwaza bibi mwenye miwani na fimbo."

"Na mimi nilidhani ni jitu la miraba minne. Kumbe sauti yote hiyo inatoka kwenye kifua hiki?"

"Aa, usinidharau. Kifua hiki kimebeba mengi."

Jina la Baba Kiatu Kimoja alilipata siku binti yake aliporudi nyumbani na kiatu kimoja mguuni. Baba mtu akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la wazazi, karibu alie, akiwasihi watu wote wakague mikoba ya watoto wao. Nyumba nzima nzima zilipekuliwa. Kiatu kikaja kuonekana ndani ya sanduku lake mwenyewe la vifaa vya kazi. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina jingine.

"Na binti yako hajambo?" fundi lifti akamuuliza.

"Hajambo. Anakua tu."

Mwanaume akamtazama kidogo, kama mtu anayetaka kuongeza neno. Kisha akainama, akalichukua lile jora. "Haya, mzee kaamka. Abiria wa kwanza ni Mama Majibu, wengine mtasubiri. Mama wa goti, na wewe ingia."

Sasa hapa sina budi kukwambia jambo ambalo mwanamke huyu hakumwambia mtu. Binti yake hakuwa tena darasa la pili la shule ile. Alikuwa amehama tangu likizo ndefu. Yeye na mume wake walikwisha kuachana zamani, bila vita, na yule bwana alipopata kazi mji mwingine, yenye nyumba na ua mpana, mtoto aliulizwa anataka kukaa na nani. Mtoto akachagua baba. Mama akamfungia nguo zake, akamsindikiza stendi huku anacheka, akarudi kwenye chumba na sebule yake, akakaa kitandani na viatu miguuni mpaka giza likaingia.

Asubuhi yake simu ikalia. Lilikuwa kundi la wazazi. Mmoja anauliza kama sweta ni lazima, mwingine analalamika mwanawe kamwaga uji kwenye kitabu, na Mama Pacha, muuguzi aliyekuwa kiongozi wa kundi, anawagombeza wote kwa kutuma vichekesho saa za kazi. Alitaka kujitoa. Kidole kilifika kabisa kwenye kitufe. Lakini mama mmoja akaandika, "Jamani hesabu za jana za kutoa zimenishinda, nani anaelewa?" naye akajikuta anamwelekeza.

Hakutoka tena. Kila jioni mwalimu alipotuma kazi ya nyumbani, fundi mapazia alisogeza makasi na uzi pembeni, akachukua penseli, akaifanya kazi yote ya darasa la pili peke yake. Akapiga mstari chini ya kichwa cha habari kama alivyokuwa akimfundisha mwanawe. Kisha akaandika kundini, "Sisi tumemaliza. Swali la nne lina mtego, angalieni." Sisi! Sisi nani, mama wa watu? Mle ndani kulikuwa na yeye na cherehani. Lakini watu walimshukuru, wakamtania, wakambandika jina la Mama Majibu, na jina likampendeza kwa kuwa bado lilianza na "Mama".

Darasa lina watoto wengi, wazazi wengi hawajuani kwa sura, na hakuna aliyemuuliza. Alichoogopa ni siku ya kuulizwa. Siku hiyo angelipoteza kundi, na bila kundi hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia habari za asubuhi.

Baada ya siku ya lifti, simu ikaanza kulia kwa namna nyingine.

"Majibu."

"Abee, Kiatu."

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimepika wali umekuwa uji. Binti yangu kaniambia, Baba, kesho tununue mkate."

"Maji unapima kwa nini?"

"Kwa macho."

"Basi endelea kula uji."

Aliposikia mwenzake anacheka, naye alicheka, na chumba kikaonekana hakina baridi sana. Mwanaume huyo alikuwa mjane. Mkewe alifariki mtoto akiwa bado hajaanza shule, na dada yake ndiye aliyemsaidia siku za kazi nyingi. Hakupenda kusimulia. Alipenda kubishana: kama kwenye hesabu za kutoa kumi inakopwa au inaazimwa, kama mtoto apakwe mafuta kabla au baada ya kuvaa soksi. Wakabishana mpaka ubishi ukageuka mapenzi, wenyewe hawajui ilikuwa siku gani.

Jumapili moja alimpandisha kwenye lile jengo, mpaka chumba cha mashine kilichoko juu kabisa, amwonyeshe gurudumu kubwa linalovuta nyaya. Mwanamke alikuja na gauni la manjano lililomkaa vizuri kiunoni. Fundi akamzunguka, akatikisa kichwa.

"Hili gauni nimeliona kwenye dirisha la mkurugenzi, ghorofa ya saba."

"Lilibaki kipande. Ningelitupa?"

"Mkurugenzi akikuona atakutundika dirishani."

"Mshenzi wewe!" Akampiga kofi la begani. Mkono ukabaki pale pale begani.

Wakatoka kwenye paa. Mji mzima ulikuwa chini yao, madirisha kwa maelfu, na mwanamke akamwonyesha kwa kidole yale aliyoyavalisha mapazia.

"Nakupenda, Majibu," mwanaume akasema, bila mbwembwe. "Nasema hivi nikiwa mzima, sijanywa kitu."

"Na mimi nakupenda. Nakupenda mpaka naogopa."

"Unaogopa nini?"

Mwanamke akayarudisha macho kwenye madirisha yake. Fundi lifti akauliza polepole, "Na binti yako, nitamwona lini?"

"Yuko kwa bibi yake wikiendi hii." Uongo wa kwenye simu ulikuwa mwepesi, lakini huu wa ana kwa ana ulikuwa mzito. Mwanaume akaitikia, "Sawa, mpenzi," akayarudisha macho kwenye mapaa ya watu.

Basi Mama Pacha akaja na wazo lake. Wazazi na watoto wote wakutane bustani kubwa ya mjini, kila mtu aje na mkeka na chakula, tuonane sura jamani, tumechoka kupendana na picha. Kundi likalipuka kwa shangwe. Na karibu kila mtu akaongeza: Mama Majibu usikose, sisi tunakuja kukuona wewe.

Alijikaza kisabuni wiki nzima. Asubuhi ya siku yenyewe alivaa, akavua, akavaa tena. Mwisho akakaa kwenye kiti cha cherehani, akaandika: "Wazazi wenzangu, sisi hatutafika. Mtoto kaamka na homa kali."

Pole zikamiminika. Mmoja akamwambia amkande kwa maji ya vuguvugu, mwingine akasema wote tumwombee. Halafu Mama Pacha: "Homa kali usiichezee. Mimi ni muuguzi, na gari ninalo. Nitumie ulipo, nakuja na dawa sasa hivi. Bustani itanisubiri."

Akazunguka chumba, akakitazama kitanda kidogo kilichotandikwa, kisafi, hakina hata mkunjo. Simu ikalia. Alikuwa Kiatu.

"Mpenzi, futa ule ujumbe."

"Upi?"

"Wa homa. Futa kabla Mama Pacha hajawasha gari. Halafu usimtabirie mtoto maradhi. Mwanao mzima kabisa huko aliko."

Mwanamke akasimama wima. "Huko aliko wapi?"

Watoto walisikika kwa mbali upande wa pili, wameshaanza michezo.

"Kwa baba yake," fundi lifti akasema. "Najua, mpenzi wangu. Nilijua toka siku ile ya jora, maana sura yako ni ya binti yako kabisa. Binti yangu alikaa naye dawati moja. Alipohama, huyu wangu alilia akakataa hata kwenda shule."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Kwa hiyo kila ukiniuliza binti hajambo, ulikuwa unajua. Kule juu ya paa ulikuwa unajua."

"Nilikuwa nakupa nafasi useme mwenyewe."

"Nafasi! Ulikuwa umekaa kitako unanitazama ninavyojikanyagakanyaga! Mimi nakesha na aibu yangu, wewe unacheka pembeni. Kisha unaniambia nakupenda. Unampenda nani? Mwongo wako wa kuchezea?"

"Majibu, sikucheka hata siku moja, nisikilize..."

"Usiniite hivyo. Usinipigie tena."

Akakata. Akaufuta ule ujumbe, akaandika mwingine mfupi kwamba mtoto hana homa, samahanini sana. Kisha akajitoa kundini.

Ndipo alipojua simu yake ilikuwa na kelele kiasi gani. Asubuhi alichemsha chai akasubiri, na hakuna aliyemwamkia. Jioni hakuna aliyemwaga uji kwenye kitabu wala aliyepoteza sweta. Alitembea kutoka kazini akipitia mbele ya shule, akaona wazazi wamesimama getini wanapiga soga, na huenda nusu yao aliwajua kwa sauti kuliko walivyojuana wenyewe. Akapita. Jumamosi alimpigia mwanawe. "Umekula? Umesoma?" "Ndiyo, Mama. Ndiyo, Mama. Mama, naomba nikacheze." Akakaa ameishika simu iliyokwisha kukatwa. Alimkumbuka mtoto, alimkumbuka yule mwanaume, akalia mpaka kwikwi ikamshika, na hakukuwa na mtu wa kumwambia anywe maji.

"Simu yako imekufa?" tajiri wake akamuuliza pale kwenye duka la mapazia, maana alizoea kumgombeza kwa milio yake.

"Imepona," akajibu, akaendelea kukata kitambaa.

Ilikuwa alasiri ya mvua fundi lifti alipoingia dukani na ovaroli imelowa mabegani. Tajiri alikuwa ametoka. Mwanamke alikuwa anakunja pazia refu peke yake, kidevu kikishikilia upande mmoja.

"Nataka pazia," mwanaume akasema.

"La dirisha gani?"

"La chumba cha mashine."

"Chumba kile hakina dirisha."

"Ndiyo. Nataka nijidanganye kwamba lipo."

Kidogo acheke. Akaing'ata midomo. "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Wewe unayening'inia mashimoni kutwa?"

"Shimoni nina kamba." Akajipangusa maji usoni. "Niliogopa ukijua najua, utaona haya, utaondoka kundini. Na ukiondoka, mimi jioni nazungumza na nani? Mke wangu alipofariki watu walinipa pole mpaka zikaisha, kisha kila mtu akarudi kwake. Nikabaki naongea na mtoto na sufuria. Ndipo wewe ukatokea unabishana na mimi habari za kumi. Nilijua unaumia, nikakuacha uumie ili nisikukose. Nilijifikiria mwenyewe. Nimekuja kusema hilo tu. Ukinifukuza, nitaondoka."

Hakumfukuza. Alisimama na lile pazia kidevuni, macho yamejaa.

"Hujui bado," akasema. "Unajua alihama. Hujui nani alimuuliza."

"Nani?"

"Mimi. Baba yake alikataa. Alisema mtoto haulizwi swali la namna hiyo, tukae wakubwa tuamue. Nikang'ang'ania. Nilidhani nalijua jibu, unaelewa? Nilitaka baba yake alisikie kwa masikio yake mwenyewe, limchome. Nikamketisha mtoto kati yetu, nikamuuliza kwa sauti ya maringo, unataka kukaa na nani? Hakufikiri hata. Akasema kwa Baba, kuna baiskeli na mahali pa kuiendeshea." Sauti ikamkatika. "Nilijitakia mwenyewe. Ningemwambiaje mtu?"

Fundi lifti akasema, "Pole, mama. Pole sana." Kisha akapangusa mikono, safari hii safi, akaushika upande wa pazia uliokuwa unaburuta sakafuni. Wakalikunja pamoja, wakakutana katikati, na hakuna aliyerudi nyuma.

"Tuoane," akasema.

"Usiniulize leo."

"Kwa nini?"

"Nikikubali leo nitamchukua mwanao nimvalishe pengo la mwanangu. Halitamtosha, na si haki yake. Kwanza niende nikamwone wangu."

"Hujawahi kwenda?"

"Hata mara moja." Akafumba macho. "Niliogopa kumkuta ana raha."

Kabla ya safari alimwomba Mama Pacha amrudishe kundini, akatuma ujumbe wa sauti. Hakupamba. Alisema mwanawe amehama zamani, kwamba kazi zote zile alikuwa anafanya peke yake kwa upweke, na kwamba kama hawamtaki ataelewa. Kisha Mama Pacha, yule mkali, akajibu kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia: "Mimi wangu wako wawili, nyumba haina pa kukanyaga, na bado kuna siku nakaa garini nje ya nyumba yangu nawasoma ninyi kwanza ndipo niingie. Kaa humuhumu, dada."

Basi likamfikisha mji ule mchana. Mke mpya wa baba mtoto alimpokea kwa heshima, akamwekea chai, akajiondoa ndani kwa adabu. Mtoto alikuja mbio, amerefuka, meno mawili ya mbele hayapo. "Shikamoo, Mama! Njoo uone!" Akamkumbatia upesi upesi, akamvuta mkono mpaka uani.

Mama akakaa kwenye ngazi ya nyuma. Baiskeli ilikuwa nyekundu, ua ulikuwa mpana kweli, na mtoto alizunguka akipiga kengele, uso umeng'aa. Alikuwa na raha. Ilimuuma mama yake, tena iliuma kule kule alikojua itauma. Swali lilimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi: unataka kurudi? Akalimeza. Mtoto akapita tena, akapunga mkono, naye akapunga.

Simu ikalia.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Kakupokea?"

"Kanipokea. Ana raha, Kiatu. Ana raha kabisa."

"Umemuuliza?"

"Sijamuuliza. Sitamuuliza tena maisha yangu yote."

Mwanaume akavuta pumzi. "Mimi je, naweza kukuuliza?"

"Uliza."

"Utakuwa mke wangu?"

Alimtazama mwanawe akikata kona karibu na ukuta, ulimi nje kwa bidii. "Ndiyo," akasema. "Nataka. Lakini kila mwisho wa mwezi nitakuwa hapa, kwenye ngazi hii, hata kama yeye hana habari na mimi. Utakuwa umeoa mtu mwenye upande mmoja unaouma."

"Nami ninao wangu. Nitakusindikiza stendi kila mara."

"Haya, mume wangu. Acha nikate, anakuja."

Baiskeli ikasimama mbele yake kwa kishindo. Mtoto akainamisha kichwa, akamchungulia.

"Mama, unalia?"

Alitaka kusema ni vumbi. Neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, kama yale mengine yote.

"Ndiyo, mwanangu, nalia. Nilikuwa na hamu na wewe kila siku."

Mtoto akafikiri, mguu mmoja chini, mkono kwenye usukani.

"Nizunguke tena?"

"Zunguka. Nakutazama."